Tafakari ya Juma: Kijana Aliyechaguliwa wa Pili



Mpunga unapokwisha kuvunwa katika bonde letu la Kilombero, viwanja vya mpira hujaa vijana. Hapa Katindiuka jioni haipiti bila kusikika filimbi ya mwamuzi, na kila mwaka huonekana kijana mmoja ambaye wazee walioketi kando ya uwanja humtazama wakasema, "Huyu atafika mbali." Ni neno jema, nasi hatulikatai. Hata hivyo neno hilo lina uzito wake, na anayebebeshwa ni mtoto wa miaka 16 au 17. Ndiyo maana juma hili tumeona vema kuitafakari safari ya Mtanzania mwenzetu ambaye neno hilo aliambiwa na nchi kubwa, inayojua kumpima mchezaji kwa namba na kuzitangaza namba hizo kila siku. Jina lake ni Hasheem Thabeet.

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Baba yake alifariki dunia yeye angali kijana mdogo. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao kijana wa Marekani anayekusudia kuufanya mchezo huo kazi yake huwa ameshaucheza tangu utotoni. Alichokuwa nacho, na ambacho hakuna mwalimu awezaye kumfundisha mtu, ni urefu: alifika mita 2.21. Milango mingi ya nyumba zetu isingempitisha bila kuinama. Urefu huo ulionwa, akapata nafasi ya kusoma Marekani, akamaliza sekondari huko Houston, Texas, mwaka 2006, na mwaka huohuo akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut.

Pengine msomaji atauliza: mchezo wa chuo una uzito gani? Kwetu mwanafunzi wa chuo hucheza jioni baada ya vipindi, na watazamaji wake ni wenzake wa bweni. Marekani mambo ni tofauti kabisa. Michezo ya vyuo huoneshwa katika televisheni ya nchi nzima. Katika mpira wanaouita wa miguu, ambao kwa kweli huchezwa zaidi kwa mikono, vipo viwanja vya vyuo vinavyochukua watu zaidi ya 100,000, na kijana wa miaka 20 anayeongoza mashambulizi ya timu, yule wanayemwita kwotabeki, hujulikana jimbo zima. Mpira wa kikapu nao una mashindano yake makubwa kila mwezi Machi, na mamilioni ya watu huyafuatilia.

Wakati wa Hasheem wachezaji hao hawakulipwa mshahara. Walipewa karo, malazi na chakula. Ni mwaka 2021 tu waliporuhusiwa kufaidika na majina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Kwa hiyo kwa miaka mingi malipo makubwa ya mchezaji wa chuo yalikuwa ahadi, kwamba huko mbele iko ligi ya kulipwa inayomsubiri. Ahadi hiyo huwatimilia wachache mno. Kati ya kila wachezaji 100 wa kikapu wanaomaliza vyuo, wanaochukuliwa na ligi kuu, yaani NBA, ni mmoja au wawili tu.

Katika misimu mitatu ya chuo, kijana wetu alikua haraka kama mpunga uliopata maji. Msimu wa kwanza alifunga wastani wa pointi 6 kwa mchezo. Msimu wa tatu alifika zaidi ya 13. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa kulinda. Mpinzani aliyesogea chini ya kikapu aliukuta mkono wake juu, ukaurudisha mpira ulikotoka. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya chuo cha Providence, alifunga pointi 15, akadaka mipira 11 iliyogonga kikapu na kurudi, na akazuia mitupo 10 ya wapinzani katika mchezo mmoja. Mwaka 2008 na tena 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo iliyoitwa Big East. Mwezi Aprili 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa katika mji wa Detroit, ikafungwa na Michigan State.

Hapo tunaomba msomaji amkumbuke kijana mwingine, kwa maana tutamrudia. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo mwaka 2009 walipewa wawili kwa pamoja: Hasheem Thabeet, na DeJuan Blair wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Blair alikuwa na urefu wa mita 2 hivi, hivyo Hasheem alimzidi kwa kichwa kizima. Walipokutana tarehe 16 Februari 2009, siku Hasheem alipotimiza miaka 22, Blair alifunga pointi 22 na kudaka mipira 23 iliyorudi, na timu yake ikashinda.

Miezi minne baadaye ikafika siku ya drafti. Hatuzungumzii drafti ile ichezwayo barazani kwa vifuniko vya soda. Drafti ya Wamarekani ni siku ambayo timu za ligi kuu hukaa zikachagua vijana wapya kwa zamu, jina moja baada ya jingine, mpaka yatimie majina 60. Tarehe 25 Juni 2009 jina la kwanza lilikuwa Blake Griffin. La pili likasomwa: Hasheem Thabeet, amechaguliwa na timu ya Memphis Grizzlies. Hajapata kutokea Mtanzania mwingine kabla yake kucheza katika ligi hiyo. Wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry. Na Blair, aliyegawana tuzo na Hasheem? Jina lake halikusomwa mpaka nafasi ya 37.

Yaliyofuata yanajulikana. Huko Memphis nafasi yake ilikuwa tayari na mwenyewe, Mhispania Marc Gasol. Hasheem alicheza dakika chache, akafunga wastani wa pointi 3 hivi, na Februari 2010 akapelekwa kwa muda katika ligi ya chini kwa mazoezi. Hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amepata kupelekwa huko. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston, mwaka 2012 Portland, kisha Oklahoma City mpaka 2014. Kwa jumla alicheza michezo 224 ya NBA kwa wastani wa pointi 2 na kidogo. Huku nyuma Curry alitangazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, na Harden mwaka 2018. Kila orodha hiyo ya 2009 ilipotajwa, jina la Mtanzania lilitajwa pamoja na kicheko. Magazeti ya michezo ya huko yakamhesabu miongoni mwa machaguo yaliyopotea kuliko yote.

Hapa ndipo tunapotaka kutulia kidogo. Ni nani aliyepoteza, na ni nini kilichopotea?

Nafasi ya pili haikuwa ahadi ya Hasheem. Ilikuwa makadirio ya watu wazima, wenye wataalamu wao na mizani zao, waliomtazama kijana wa miaka 22 wakakadiria atakuwa nani akiwa na miaka 27. Waliona mita 2.21, wakaona mkono usiopitika. Hawakuupa uzito wa kutosha muda mfupi aliokuwa ameucheza mchezo huo. Blair walimwona mfupi kwa nafasi anayocheza na wakayahofia magoti yake, ingawa kwa matendo uwanjani walikuwa wamewekwa sawa. Mwishowe Blair, aliyechaguliwa wa 37, alicheza michezo mingi ya NBA kuliko Hasheem. Walioyafanya makadirio hayo hawakuchekwa sana. Aliyechekwa ni kijana waliyemkadiria.

Mkulima wa Katindiuka anaweza kuwafundisha watu hao. Anapong'oa miche ya mpunga kitaluni ili akaipandikize jarubani, haangalii urefu peke yake. Hutazama unene wa shina na mizizi, kwa maana mche uliokimbilia juu hulala mara maji yanapoingia. Nao mche ukilala, mkulima mwenye akili hautukani. Hujiuliza ni nani aliyeuchagua, na ni lini uliondolewa kitaluni.

Maandiko Matakatifu nayo yanatufundisha jambo hilo. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli tunasoma habari za Sauli, aliyewapita watu wote kwa kimo kuanzia mabegani, na watu wakampokea kwa shangwe. Baadaye nabii Samweli alipofika nyumbani kwa Yese kumpaka mafuta mfalme mwingine, alimwona Eliabu mwenye umbo na kimo, akadhani ndiye. Akazuiwa na Mungu, akafundishwa kwamba kimo si kipimo. Twaona basi kwamba hata nabii alivutwa na urefu. Lakini tusisahau jambo moja: Eliabu hakuwa na kosa siku ile. Hakujipendekeza kwa nabii. Alisimama tu mbele yake kwa jinsi alivyoumbwa.

Sasa na tutazame kile ambacho kicheko hakikukitazama. Mwaka 2014 milango ya NBA ilipofungwa, Hasheem alikuwa na miaka 27. Angeweza kuuacha mchezo na kukaa mbali na macho ya watu, wala hakuna ambaye angemshangaa. Lakini mwaka 2017 tunamkuta Japani, akichezea timu ya Yokohama. Mapema mwaka 2020, akikaribia miaka 33, akarudi Marekani kucheza katika ligi ya chini ileile ambayo kupelekwa kwake huko mwaka 2010 kulihesabiwa kuwa aibu. Mwaka huohuo akaenda Taiwani, akaendelea kuzuia mipira ya wapinzani kama alivyofanya akiwa mwanafunzi. Hapakuwa na drafti tena, wala namba ya pili, wala mtu wa kumtabiria. Alibaki yeye na kazi aliyoanza kujifunza akiwa na miaka 15.

Mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo tumeuhubiri mara nyingi, na tumezoea kumkazia macho mtumishi wa tatu aliyefukia. Tuwaombe mrudi kwa wawili wa kwanza. Mmoja alileta talanta tano za faida, mwingine mbili. Sifa waliyopewa na bwana wao ni ileile, neno kwa neno. Bwana hakuwapanga kwa nafasi. Hakumuuliza wa mbili kwa nini hakuleta tano. Na mtumishi wa tatu hakuhukumiwa kwa kupata kidogo. Alihukumiwa kwa kuchimba shimo na kuificha ile aliyopewa. Michezo 224, kisha Japani, kisha ligi ya chini, kisha Taiwani: hayo hayawezi kuitwa shimo.

Tunaye pia mwanamichezo mwingine wa chuo katika historia ya nchi yetu, ambaye wazee watamkumbuka. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Mkoa wa Mara, alikimbia kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, akashinda mataji ya vyuo vya Marekani, na mwaka 1980 huko Moscow akapata medali ya fedha ya Olimpiki katika mbio za mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mwaka 1987 na 1988 alishinda mbio ndefu za Berlin. Miguu ilipochoka aligeuka mwalimu wa wakimbiaji, na baadaye akawa Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha nchi. Medali yake na ile ya Filbert Bayi, zote za Moscow, ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki mpaka leo. Tukiwaweka wawili hao pamoja, mmoja alipanda jukwaani na mwingine akachekwa. Lakini wote wawili walilazimika kujibu swali lilelile: nitafanya nini na siku zinazobaki baada ya watu kuacha kunitazama?

Swali hilo, wapendwa, limefika mlangoni kwetu. Katika eneo letu yuko kijana wa miaka 19, ambaye jina lake tunalihifadhi. Alikuwa yule wa kuambiwa atafika mbali. Familia yake iliuza magunia ya mpunga ili kumlipa mtu aliyejiita wakala, aliyeahidi kumpatia majaribio katika timu ya mjini. Kijana alifika, akafanya majaribio kwa siku chache, akaambiwa atapigiwa simu. Simu haikupigwa, na ya wakala haipatikani. Tangu aliporudi hapiti tena njia ya uwanjani. Huenda shambani kwa njia ya nyuma ili asikutane na wenzake. Mama yake alituuliza, kwa sauti ya mtu asiyelala, "Nimwambie nini mwanangu?"

Tulimwambia asimwambie neno lolote kuhusu mpira kwa sasa. Amwite kama alivyomwita kabla hajawa mchezaji: aende mashineni akasimamie ukoboaji, awasomee wadogo zake, amsindikize bibi yake hospitali. Ajue kwamba nafasi yake nyumbani haikuchaguliwa na mtu wa mjini, hivyo hakuna wa mjini awezaye kuiondoa. Nasi tukamwomba kijana mwenyewe jambo moja tu, aje Jumamosi awafundishe watoto wa chini ya miaka 12 namna ya kutuliza mpira, kwa sababu hakuna anayejua kuutuliza kama yeye. Jumamosi tatu hakuja. Jumamosi iliyopita alikuja, akasimama nje ya mstari mikono ikiwa nyuma. Mtoto mmoja mpira ukamponyoka, ukaenda mpaka miguuni pake. Akaurudisha. Alirudi nyumbani kabla ya filimbi ya mwisho. Hatujui kama atakuja tena, nasi tunamwombea.

Kwa hiyo tunapenda kuwaachia mambo matatu ya kutendea kazi juma hili.

Kwanza, ninyi wazazi. Mtoto mwenye kipaji msaidieni, lakini msiuze chakula cha mwaka kwa ahadi ya mtu msiyemjua. Mwenye nia njema hatakataa kutaja timu, kutoa barua na kukubali mzazi aende pamoja na mtoto. Na shule isiachwe. Kipaji cha miguu kina miaka michache, hata kwa yule kilichomfikisha mbali kabisa.

Pili, ninyi vijana. Mkiambiwa mtafika mbali, pokeeni kwa shukrani, lakini mjue kwamba hilo ni tumaini la aliyelisema. Halikuwa deni lenu kulilipa. Deni lenu ni kufanya kazi kwa uaminifu na kile mlichopewa, kingi au kidogo. Mkirudi nyumbani bila kufika, rudini kwa njia ya mbele.

Tatu, sisi sote tunaokaa kando ya uwanja. Ni rahisi kutabiri, na ni rahisi zaidi kucheka utabiri usipotimia. Kijana aliyerudi kutoka mjini, kutoka migodini, kutoka chuoni bila cheti, anapita kati yetu akisikiliza tutasema nini. Tumsalimie kwa jina lake. Tumuulize habari za nyumbani kabla ya kumuuliza habari za huko alikotoka.

Tumwombe Mungu atujalie macho yanayotazama mizizi, na moyo wa kumpokea kila anayerejea. Tunawatakia juma jema lenye amani, wagonjwa wapate nafuu, na wanaosafiri wafike salama. Bwana awe nanyi.